Kuunga taa na vifaa vya ziada kwenye swichi za kiwandani za gari

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi, hapa Mwanga, Kigoma, nimeweka swichi moja ya Land Cruiser iliyoyeyuka ubavu. Plastiki yake imevimba na kupasuka kama ganda la muhogo wa kuchoma, na miguu miwili ya shaba kwa nyuma imeungua ikawa na rangi ya samawati. Ilitoka kwenye gari la mzee mmoja anayesafirisha chumvi ya Uvinza. Aliyemfungia taa za mbele alivuta waya wa moto kutoka kwenye betri, akaupitisha ndani ya swichi, akaupeleka kwenye taa mbili za wati 100 kila moja. Hakuweka rilei (swichi ya sumaku inayofungulia umeme mzito kwa amri ya swichi ndogo) wala fyuzi (kipande kinachojikata umeme ukizidi). Taa ziliwaka vizuri kwa wiki tatu. Wiki ya nne, usiku, mzee akasikia harufu ya plastiki ikiungua chini ya usukani, akasimama, akaung'oa waya kwa mkono. Kovu bado analo kiganjani.

Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu namshikisha swichi hiyo kabla hajashika koleo. Hesabu yake ni fupi: wati 200 ukigawanya kwa volti 12 unapata karibu ampea 17. Swichi ndogo ya dashibodi haikutengenezwa kubeba mzigo huo, imetengenezwa kutoa amri. Wa kubeba mzigo ni rilei, na wa kulinda waya ni fyuzi. Ukilishika hilo, mengine yote ninayoeleza hapa ni namna ya kulitimiza.

Kwanza jua swichi yako ni ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa sababu swichi mbili zinaweza kufanana kwa uso na zikawa na kazi tofauti kabisa kwa nyuma.

Kuna magari yanayotoka kiwandani na swichi za ziada zilizokamilika, zimeandikwa AUX na namba. Jeep Wrangler za kuanzia 2018 zilizoagizwa na swichi hizi huwa nazo 4: mbili za ampea 40 na mbili za ampea 15. Ford kubwa za F-250 na F-350 za miaka ya karibuni huwa na 6, zimepangwa juu ya kichwa cha dereva. Kwenye magari haya rilei na fyuzi tayari zipo. Kiwanda kimekuachia ncha za nyaya zilizofungwa vizuri, nyingine chini ya boneti, nyingine ndani ya gari. Kazi yako ni kuzitafuta, kujua ipi ni ya swichi ipi, na kuheshimu ampea zake. Ampea hizo hutofautiana kwa modeli na kwa mwaka, kwa hiyo fungua kitabu cha gari. Usimuulize mwenye gari kama lako, maana lake linaweza kuwa la mwaka mwingine. Kwenye Jeep, kwa mfano, unaweza pia kuchagua kwenye skrini kama swichi ifanye kazi gari likiwa limezimwa au mpaka ufunguo uwe umewashwa, na kama ibaki imewaka ukiibonyeza mara moja au iwake tu wakati umeishikilia.

Aina ya pili ndiyo tunayokutana nayo zaidi huku kwetu: Land Cruiser za mkonga na Hilux zenye vifuniko vitupu kwenye dashibodi. Unabandua kifuniko, unaweka swichi yenye umbo lilelile la kiwandani, inakaa kama ilizaliwa hapo. Baadhi ya magari haya yana hata soketi ya taa za ukungu inayoning'inia nyuma ya bampa, haina taa. Lakini kuwepo kwa swichi au soketi hakumaanishi kwamba kuna rilei nyuma yake. Chukulia kwamba hakuna mpaka mita ikuonyeshe.

Aina ya tatu ni malori kama Fuso, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotoka Japani, zenye umeme wa volti 24. Rilei ya volti 12 ukiifunga kwenye gari hilo koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani yake, itaungua. Na ukitaka kifaa cha volti 12 kwenye gari la volti 24, usiibie kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake na zote mbili zitakufa mapema. Nunua kibadilishaji cha kushusha 24 kuwa 12.

Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Angalia wati za kifaa, gawanya kwa 12. Taa ndefu ya LED ya wati 120 ni ampea 10. Jokofu dogo la gari huwa kwenye ampea 4 au 5 likifanya kazi. Pampu ya upepo ya kujazia matairi inaweza kufika ampea 30 na kupita. Winchi usiihesabu kabisa hapa: ikivuta gari lililozama kwenye tope inakula mamia ya ampea, na nyaya zake nene huenda betri moja kwa moja na kontakta yake yenyewe, yaani rilei yake kubwa. Redio ya upepo nayo napenda iende betri moja kwa moja, kwa fyuzi yake, kwa sababu ikipita kwenye njia ya taa utasikia mlio wa injini ndani ya sauti za watu.

Ukishapata ampea, ongeza robo. Ampea 10 inakuwa 12.5, kwa hiyo fyuzi ni ya 15, ile ya bluu. Nyekundu ni 10, ya njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, ya kijani ni 30. Fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Kwa sababu hiyo fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, kwa kuwa utakuwa umeugeuza waya kuwa fyuzi, nao utakatikia ndani ya dashibodi.

Unene wa waya nitaukazia kwa sababu ndipo pesa inapobanwa. Kwa ampea 10 natumia waya wa milimita 2.5 za mraba. Kwa ampea 17 za taa mbili za wati 100 natumia 4. Kuna kijana wa Kibirizi, dereva wa pikapu ya dagaa, alikuja akaniambia, "Kaka fundi, taa nimenunua mpya ila zinawaka kama za baiskeli." Tuliwasha injini, nikaweka mita kwenye betri: volti 13.9. Nikaweka nyuma ya taa, ncha moja kwenye waya wa moto na nyingine kwenye waya wa ethi (wa hasi, unaofungwa kwenye bodi) wa taa yenyewe: 11.7. Zaidi ya volti 2 zilikuwa zinapotea njiani. Waya aliofungiwa ulikuwa wa 1.5, mita 5 kutoka betri mpaka taa, na huo peke yake kwa ampea 17 unakula karibu volti 1. Nyingine ilikuwa imeliwa na ethi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi. Taa za nyuzi ukizipunguzia umeme kwa sehemu moja ya kumi, zinapoteza karibu theluthi ya mwanga. Tukabadilisha waya kuwa wa 4, tukakwangua bodi mpaka chuma kikang'aa, mita ikasoma 13.4 nyuma ya taa. Hakununua taa nyingine.

Ukinunua waya, kwangua ncha yake kwa wembe. Kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba: ukikwangua unatoa weupe, ukiupindapinda mara chache unakatika, na roli nzima ni nyepesi mkononi. Usichukue. Wala usitumie waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu. Gari linatikisika, na uzi mmoja hukatika ndani ya ganda bila wewe kuona. Chukua wa nyuzi nyingi laini.

Vingine vya kununua: rilei ya ampea 30 au 40 yenye kitako chake, kishikilia fyuzi chenye mfuniko usiopitisha maji, vichwa vya nyaya vya kubana, mpira wa kusinyaa kwa moto, bomba la plastiki lenye mikunjo la kukingia nyaya, na vifungo vya plastiki.

Zima kila kitu, kisha pima

Toa ufunguo. Fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, usianze na chanya. Spana yako ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya na hasi bado imefungwa, utapiga shoti ya betri nzima mkononi. Kama redio ya gari ina namba ya siri, muulize mwenye gari kabla ya kufungua.

Ukihitaji kupima kama waya una moto, rudisha hasi kwa muda, pima, kisha ifungue tena. Tumia mita. Ile testa ya balbu tuliyokulia nayo ni nzuri kwa gari la zamani, lakini kwenye magari yenye kompyuta balbu yake inavuta umeme ambao waya mwembamba wa ishara haukupangiwa. Na ukikuta soketi za njano chini ya usukani, ziache. Mara nyingi hizo ni za airbag.

Rangi za nyaya zisikudanganye. Tafuta waya ambao mita inasoma volti 12 ufunguo ukiwashwa na sifuri ufunguo ukizimwa. Huo ndio utakaolisha swichi yako, ili taa zisisahaulike zikiwaka usiku kucha. Usiukate. Chukua umeme huo kwenye boksi la fyuzi kwa kutumia kishikizo kinachoingia mahali pa fyuzi na kubeba fyuzi mbili. Waya wa kiwandani uliokatwa na kuviringishiwa tepu nimeuona ukileta matatizo miaka mitano baadaye, kwenye mikono ya mtu ambaye hajui ulikatwa lini.

Funga rilei

Rilei ina miguu yenye namba, na namba hizo ni zilezile kwa rilei nyingi za magari. 30 inapokea umeme mzito kutoka betri kupitia fyuzi. 87 inautoa kwenda kwenye taa. 86 inapokea amri kutoka kwenye swichi. 85 inakwenda ethi. Koili iliyo kati ya 85 na 86 ina ukinzani wa karibu omu 80, kwa hiyo inakula kama ampea 0.15 tu. Linganisha na ampea 17 zilizoyeyusha swichi ya mzee wa chumvi.

Ukikuta mguu wa tano katikati, umeandikwa 87a, usiutumie. Huo una umeme rilei ikiwa imelala, kwa hiyo taa yako itawaka ukizima swichi na kuzimika ukiwasha.

Nunua rilei yenye daiodi au rezista ndani. Koili inapozimwa inarudisha pigo la volti nyingi kwa kufumba na kufumbua, na daiodi au rezista ndiyo inayolimeza. Swichi ya kawaida inavumilia, kompyuta ya gari haivumilii. Ya daiodi haitaki kugeuzwa: 86 lazima iwe chanya, 85 hasi.

Weka rilei mahali pakavu, miguu ikitazama chini ili maji yasikae ndani ya kitako. Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au zaidi, na gari linalovuka madimbwi kila siku linarusha maji mpaka juu ya betri. Fyuzi kuu isiwe mbali na betri zaidi ya sentimita 20. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi kadiri inavyowezekana.

Kama unataka taa za ziada ziwake pamoja na taa kubwa za gari, kuna mtego kwenye Toyota nyingi: taa kubwa zinawashwa kwa upande wa hasi. Waya mmoja nyuma ya taa unapata moto kwa zote, na swichi inafungulia ethi. Fundi asiyejua anaunga 86 kwenye waya wa mwanga mkali na 85 kwenye bodi, kisha anashangaa rilei inafanya kinyume au hailii kabisa. Dawa ni kupima nyuma ya taa ukiwasha na kuzima mwanga mkali. Kama waya wa mwanga mkali unashuka kutoka volti 12 kwenda karibu na sifuri unapowasha, gari lako ni la kuwasha hasi. Basi 86 ichukue ule moto wa pamoja, na 85 ipitie kwenye swichi yako ya dashibodi kisha iungwe kwenye waya wa mwanga mkali. Hapo taa za ziada zitawaka tu dereva akiwasha mwanga mkali, na zitazimika akipishana na mwenzake. Hivyo ndivyo ninavyopenda kuzifunga zote, kwa sababu nimepishana na taa zisizozimika usiku nikashindwa kuiona barabara.

Kupitisha nyaya

Ukuta kati ya injini na dashibodi una matundu yenye mpira ambako nyaya za kiwandani zinapita. Toboa mpira huo kwa kitu chembamba, pitisha waya wa henga kwanza, funga waya wako nyuma yake, vuta taratibu. Usitoboe chuma kipya kama unaweza kuepuka. Ukilazimika, weka mpira kwenye tundu. Chuma kikavu kinakula ganda la waya kama msumeno, na siku moja waya wa moto unagusa bodi.

Kaa mbali na ekzosi, mbali na fimbo ya usukani, mbali na pedali. Funga nyaya kila baada ya kiganja kimoja. Acha ulegevu kidogo pale injini inapotikisika.

Kuunga, mimi nabana kwa koleo la kubania kisha navalisha mpira wa kusinyaa. Wako wanaopenda kulehemu. Lehemu hugandisha nyuzi zikawa kipande kimoja kigumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatika kwa mtikisiko. Ukishabana, vuta kwa nguvu. Ukichomoka mkononi mwako ni afadhali kuliko kuchomoka usiku kwenye pori la Uvinza.

Ethi: kwangua rangi mpaka chuma, funga kwa boliti na washa yenye meno, kaza, paka grisi juu. Magari yanayobeba chumvi naongeza hatua moja: kila kiungo kilicho nje navalisha mpira wenye gundi ndani, kwa kuwa vumbi la chumvi likipata unyevu linaigeuza shaba kuwa unga wa kijani ndani ya msimu mmoja. Kwenye magari mapya yenye kisanduku kidogo cha kupimia kwenye kichwa cha hasi cha betri, usifunge ethi yako hapo kichwani. Ifunge kwenye bodi, ili gari lijue umeme wako nao unatumika.

Swichi yenyewe ya umbo la kiwandani huwa na miguu minne au mitano, miwili ikiwa ya taa ndogo ya ndani inayoonyesha maandishi usiku. Ipime kwa mita kwenye alama ya omu: miguu miwili inayoungana ukibonyeza na kuachana ukizima ndiyo ya kazi. Taa ndogo iunge kwenye umeme wa taa za pembeni, ili iwake pamoja na dashibodi.

Nikiombwa kuunga king'ora au vimulimuli kwenye gari la mtu binafsi, nakataa. Askari wa barabarani wanakamata, na wako sahihi.

Kujaribu

Rudisha hasi ya betri. Washa swichi, usikilize "tak" ya rilei. Washa injini, acha taa ziwake dakika 20, kisha gusa kwa mkono fyuzi, kitako cha rilei na kila kiungo. Joto kidogo si tatizo. Kinachokuunguza kidole kina kiungo kibovu, kifungue ukibane upya. Pima volti kwenye betri na nyuma ya taa. Tofauti ikizidi nusu volti, itafute ilipo, anza na ethi.

Zima kila kitu, toa ufunguo, subiri kama nusu saa gari lilale. Weka mita upande wa ampea 10, kati ya kichwa cha hasi na waya wake, bila kuwasha chochote wala kupiga stata. Isome chini ya ampea 0.05. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi uliyoweka wewe. Namba ikishuka, kosa ni lako. Isiposhuka, gari lilikuja nalo, na mwenye gari anastahili kujua hilo kabla hajaondoka.

Mwisho chora njia za nyaya kwenye karatasi: fyuzi iko wapi na ya ampea ngapi, rilei iko wapi, umeme wa swichi umechukuliwa fyuzi ipi. Ifunge kwenye nailoni, iweke ndani ya kitabu cha gari. Mwambie mteja arudi baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi ukaze boliti za ethi na za taa upya, kwa sababu zitakuwa zimelegea.